Sura ya Nne: Fomu ya Chifu Haifiki Bonn

Hakuna nyumba yenye mwanafunzi, Meru au Embu, isiyoijua fomu ya basari. Inachukuliwa ofisi ya NG-CDF au ya kaunti, inajazwa kwa kalamu, kisha inaanza safari: kwa mwalimu mkuu, kwa chifu, kwa padre au mchungaji, kila mmoja akiongeza sahihi na muhuri. Maswali yake yanafanana mwaka hadi mwaka. Wazazi wote wawili wako hai? Wanafanya kazi gani? Ndugu zako wangapi wako shuleni, na karo ya nani bado? Anayeijaza hujifunza mapema kwamba kinachopimwa ni uzito wa shida. Mficha uchi hazai, basi anaeleza yote: bonasi ya chai iliyoshuka, mahindi yaliyokauka Mbeere, mama aliyelazwa, ng'ombe aliyeuzwa.

Fomu hiyo haina kosa. Pesa za umma zilizotengewa wahitaji zinapaswa kuwatafuta wahitaji. HELB, bodi ya mikopo iliyoundwa kwa sheria ya 1995, nayo huuliza maswali ya ukoo huohuo, na mfumo wa kufadhili vyuo vikuu ulioanza 2023 uliwagawa wanafunzi kwa makundi kulingana na uwezo wa familia. Kwa hiyo kijana anayehitimu leo Chuo Kikuu cha Embu, au Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kule Nchiru, au Chuka, au KeMU pale Kaaga, amepitia sekondari na chuo, miaka minane, akiulizwa amepungukiwa na nini. Ni mara chache ameulizwa anataka kufanya nini.

Siku moja anafungua ombi la ufadhili wa masomo ng'ambo. Pana nafasi tupu ya maneno mia tatu au mia tano, naye anaijaza kwa mazoea: "Mimi ni mtoto wa tano katika familia ya watoto wanane. Baba yetu alifariki nikiwa darasa la sita..." Maneno ni ya kweli, na msomaji aliye Bonn, Ujerumani, au London huenda akaguswa. Kisha anatafuta jibu la swali lililoulizwa, na halipo.

Mfadhili wa kimataifa, mara nyingi, halipii shida uliyotoka nayo. Analipia kazi utakayoifanya. Ukilishika hilo, mengine yote ya sura hii, kuanzia barua za wahadhiri hadi bajeti ya utafiti, yatajipanga yenyewe.

Kila mfadhili ana lake

Kabla ya kuandika neno lolote, jiulize pesa hizi zinatoka kwa nani na zinatafuta nini. Mpango wa ufadhili wa Jumuiya ya Madola ulikubaliwa Oxford mwaka 1959. Uingereza, kwa upande wake, huwapima waombaji kwa mambo matatu makuu: ubora wa matokeo yao, ubora wa mpango wa masomo wanaoupendekeza, na athari ya masomo hayo kwa maendeleo ya nchi wanakotoka. Mawili kati ya hayo matatu yanahusu siku zijazo.

Chevening, ulioanza 1983, unagharamiwa hasa na wizara ya mambo ya nje ya Uingereza, ndiyo maana unatafuta watu wanaoelekea kuwa viongozi na wanaojua kujenga mahusiano. Unalipia shahada ya uzamili ya mwaka mmoja, unadai uzoefu wa kazi wa saa 2,800, sawa na miaka miwili, na unakutaka urudi nyumbani kwa angalau miaka miwili. Kazi ya kujitolea inahesabiwa katika saa hizo. Atachimenti ya lazima iliyokuwa sehemu ya shahada haihesabiwi. Anayefundisha hesabu bila malipo shule ya kata na anayesimamia vitabu vya chama cha akiba cha vijana wote wawili wanakusanya saa, mradi waziandike na wawe na mtu wa kuzithibitisha.

DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanataaluma, lilizaliwa 1925 na limekuwa na ofisi Nairobi tangu 1973. Kozi zake za uzamili zinazohusu maendeleo, zinazoitwa EPOS, humtaka mwombaji awe amefanya kazi ya fani yake kwa takriban miaka miwili, na kwa kawaida shahada yake ya mwisho iwe haijapita miaka sita. Anayehitimu mwaka huu na kuomba EPOS mwaka huu anajichosha bure. Anayeifahamu kanuni hiyo leo atachagua kazi ya kwanza akiwa na macho mawili, moja kwenye mshahara na jingine kwenye ombi la miaka miwili ijayo.

Tena, ng'ambo si Ulaya na Marekani tu. Mwanasiasa Kiraitu Murungi wa Imenti alikwenda Harvard, Marekani, kwa uzamili wa sheria. Lakini mwenzake Kithure Kindiki wa Tharaka Nithi alisomea uzamili na uzamivu wake Pretoria, Afrika Kusini. DAAD yenyewe hulipia wanafunzi wasome vyuo vya Afrika, na RUFORUM, muungano wa vyuo vikuu wenye makao Kampala, umejengwa juu ya utafiti wa kilimo wa wanafunzi wa bara hili.

Ipo mifuko inayotazama uhitaji pia. Mpango wa Mastercard Foundation, ulioanza 2012, unawatafuta vijana wenye uwezo wa masomo na wasio na uwezo wa fedha. Zawadi Africa, iliyoanzishwa na Susan Mboya, inawasaidia wasichana wa aina hiyo, na vyuo kadhaa vya Marekani hukata karo kulingana na kipato cha familia. Hata huko, uhitaji huonyeshwa kwa hesabu: ekari ngapi, kilo ngapi za majani ya chai kwa mwezi, karo ya nani inalipwa na nani. Hesabu hizo zina ukurasa wake. Ukurasa wa insha bado unauliza utafanya nini.

Hoja ya Mboya

Baba yake Susan, Tom Mboya, ndiye aliyetuachia mfano bora wa ombi la ufadhili katika historia ya Kenya. Septemba 1959 ndege ya kukodi iliondoka Nairobi kuelekea New York ikiwa na wanafunzi 81. Hadi 1963 mpango wake ulikuwa umewapeleka karibu vijana 800 wa Afrika Mashariki kwenye vyuo vya Amerika Kaskazini. Wangari Maathai, wa upande wa Nyeri wa Mlima Kenya, alisafiri 1960 kwenda kusoma biolojia katika chuo kidogo cha Kikatoliki mjini Atchison, Kansas.

Mboya alizunguka Marekani akitafuta nafasi za vyuo na nauli. Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier walitia majina yao kwenye wito wa michango, na mwaka 1960 wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Umaskini wa wanafunzi wale ulijulikana na kila mtu, lakini hoja ya Mboya haikusimama juu ya umaskini huo. Alisema kwamba Kenya inakaribia uhuru, na nchi huru itahitaji walimu, wahandisi na watumishi wa serikali ambao ukoloni haukuwaandaa. Aliwaonyesha Wamarekani kazi iliyokuwa ikiwangoja vijana hao.

Vijijini mambo hayakuwa tofauti. Watu waliochanga harambee ili mtoto wa jirani apate viatu, koti na pesa za mfukoni walijua kwamba wapo maskini kuliko yeye. Walimchangia kwa sababu waliona atakachorudi nacho. Fomu ya basari imetusahaulisha kidogo kwamba wazee wetu nao walikuwa wafadhili wa aina hiyo.

Kutoka shida hadi swali

Kazi ya utafiti huanza na swali, na maswali mazuri yako karibu na nyumbani kuliko wanafunzi wengi wanavyodhani. Katika miaka ya 1990, watafiti wa kituo cha kilimo cha Embu, ambacho leo ni sehemu ya shirika la utafiti wa kilimo, KALRO, pamoja na wenzao wa KEFRI (utafiti wa misitu) na ICRAF (kilimo mseto cha miti), walikaa na wafugaji wa maziwa wenye mashamba madogo. Chakula cha ng'ombe cha dukani kilikuwa ghali. Swali lao lingeweza kuulizwa na mama yeyote anayekamua asubuhi: je, majani ya mti yanaweza kuchukua nafasi ya chakula hicho?

Wakajaribu kaliandra, kichaka kilicholetwa kutoka Amerika ya Kati, wakakipanda mipakani na kwenye kingo za matuta ili kisile nafasi ya mahindi. Wakapata kwamba kilo 3 za majani mabichi zinafanya kazi karibu sawa na kilo 1 ya chakula cha dukani, na kwamba vichaka kama 500 vinatosha kumpa ng'ombe mmoja nyongeza hiyo mwaka mzima. Matokeo yakachapishwa, yakasomwa mbali, na kaliandra ikaendelea kupandwa na wafugaji wa nchi jirani. Swali lilikuwa dogo, lilikuwa na kipimo, na jibu lake lilikuwa na mtu wa kulitumia. Ombi lako likiwa na mambo hayo matatu, limeshavuka nusu ya mto.

Sasa chukua mwanafunzi wa kubuni, wa uchumi wa kilimo, kutoka Siakago, Mbeere. Anataka kuandika juu ya muguka, zao la jamii ya miraa. Kichwa chake cha kwanza ni "Athari za muguka kwa jamii." Hakuna atakayemlipia hicho, kwa kuwa hakionyeshi ataenda wapi Jumatatu asubuhi wala atamuuliza nani nini. Mrudishe nyuma kidogo. Amekua akiona ndengu na mtama vikipisha muguka. Mei 2024 alisikia gavana wa Mombasa akipiga muguka marufuku, Kilifi na Taita Taveta wakifuata, na Mahakama Kuu ya Embu ikisimamisha marufuku hiyo siku chache baadaye. Jirani zao wa Igembe walikuwa wameonja hayo na miraa, pale Uholanzi ilipofunga soko lake 2013 na Uingereza 2014. Kwa hiyo anajua jambo ambalo mchumi wa Bonn hana njia rahisi ya kulijua: kipato cha kijiji kizima kinaweza kukatwa kwa tamko la mtu mmoja aliye mbali.

Akiandika kutoka hapo, aya yake inakuwa hivi: "Nimekulia Siakago, ambako familia nyingi zimeacha ndengu na kupanda muguka. Marufuku ya Mei 2024 ilionyesha jinsi kipato hicho kinavyoweza kukatika ghafla. Nataka kujua kaya zilizoacha mazao ya chakula hula nini na hukopa wapi katika wiki ambazo bei imeanguka. Katika mradi wangu wa mwaka wa nne nilihoji wakulima na kugundua kwamba sikuwa na njia ya kupima hatari wanayoibeba. Kozi hii inafundisha njia hizo. Nikirudi, nitazitumia pamoja na maafisa wa kilimo wa kaunti kupanga mchanganyiko wa mazao kwa maeneo makavu ya Mbeere."

Soma tena uone umaskini uko wapi. Haujafichwa, umo katika kila sentensi. Ila sasa mwandishi anauzungumzia kama mtu anayeufahamu na anayetaka kuufanyia jambo. Kozi imetajwa kwa sababu, na kurudi nyumbani kuna anwani.

Maswali mengine yamejaa kote. Bwawa la Masinga, lililokamilika 1981, linajazwa udongo unaoshuka kutoka mashamba ya juu. Wanasayansi wa Innsbruck, Austria, wamepanda Mlima Kenya kupima jinsi barafu ya Lewis inavyoisha. Aliyezaliwa Imenti anaweza kuuliza jinsi vijiji vinavyogawana maji ya mto wakati wa kiangazi, swali ambalo halionekani kutoka kileleni. Kabla ya kulikumbatia lako, tafuta waliokutangulia. Fungua hazina ya tasnifu ya chuo chako. Nenda KALRO Embu ukamwone mtafiti anayeshughulikia zao lako. Hakuna kinachomvunja moyo msomaji wa maombi kama pendekezo linalogundua jambo lililogunduliwa miaka thelathini iliyopita, kilomita mbili kutoka darasa la mwombaji.

Kwa uzamivu, kuna hatua moja zaidi: kumtafuta msimamizi. Profesa hupokea barua pepe nyingi zinazomwambia kwamba ni msomi mashuhuri. Yako iwe ya aya tatu. Ya kwanza iseme wewe ni nani na swali lako ni lipi. Ya pili itaje kazi yake moja uliyoisoma kweli, na mahali swali lako linapokutana nayo. Ya tatu iulize jambo moja tu: kama anapokea wanafunzi mwaka huo. Asipojibu baada ya wiki mbili tatu, mkumbushe mara moja kwa adabu, kisha songa mbele.

Anayekujua na anayejulikana

Mazoea ya fomu ya basari yanajitokeza tena kwenye barua za mapendekezo. Tumezoea kwamba nguvu ya barua ni cheo cha aliyeitia sahihi, kwa hiyo mwanafunzi anamkimbilia askofu, mheshimiwa wa bunge la kaunti, au naibu chansela ambaye hajawahi kuzungumza naye. Barua inayorudi inasema kwamba mwanafunzi ana bidii, nidhamu na hofu ya Mungu. Kamati haiwezi kuitumia, maana ingeweza kuandikiwa mtu yeyote.

Mtafute aliyeisoma kazi yako. Mhadhiri kijana aliyesimamia mradi wako, akikumbuka ulivyorudia vipimo vya udongo mara ya pili kwa kuwa vya kwanza vilikutia shaka, ana thamani kuliko profesa aliyekuona kwenye mahafali. Katika madarasa ya wanafunzi mia mbili, mhadhiri hatakukumbuka bila msaada wako. Jitambulishe tangu mwaka wa tatu, uliza maswali, omba kusaidia kukusanya data.

Ukifika wakati wa kuomba barua, mpe angalau mwezi mmoja. Mpelekee wasifu wako, rasimu ya insha, vigezo vya mfadhili na tarehe ya mwisho. Wapo watakaokujibu, "Andika mwenyewe, mimi nitatia sahihi." Usibishane na mkubwa wako, lakini usiandike. Mwambie, "Daktari, nimekuandalia mambo machache ya kukukumbusha kazi niliyoifanya kwako," umpe ukurasa mmoja wenye ukweli wa kazi hiyo. Wengi wataandika kutoka hapo, na sauti itakuwa yao. Wasomaji wenye uzoefu hutambua insha na barua zilizotoka mkono mmoja. Hakikisha pia anatuma kwa anwani ya barua pepe ya chuo, kwa sababu mifumo mingi huitilia shaka anwani ya kawaida.

Majina, mihuri na miezi

Waombaji wengi hushindwa kabla insha haijasomwa. Jina ndilo la kwanza. Meru ni nchi ya M'Ikiara na M'Mwirichia, na alama ile ndogo baada ya M ni adui wa kompyuta. Cheti cha kuzaliwa kinaweza kuwa nayo, cha KCSE hakina, kitambulisho kimeacha nafasi tupu mahali pake, na fomu ya mtandaoni inaikataa kabisa. Kuna pia waliobatizwa Dennis na kuandikishwa Denis, na wanaotumia jina la babu shuleni na la baba kwenye kitambulisho. Kanuni ni moja: fuata pasipoti kila mahali. Tofauti ndogo zitahitaji kiapo mbele ya wakili. Kubadilisha jina lenyewe kunahitaji hati rasmi, na hati huchukua muda. Chukua pasipoti kabla hujajua utaenda wapi.

Cheti cha KCSE kikiwa kimezuiwa shuleni kwa sababu ya salio la karo, fahamu kwamba sheria ya Baraza la Mitihani ya 2012 haimruhusu mwalimu mkuu kukizuia. Nenda na mzazi, zungumza kwa heshima, na ikishindikana nenda ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Matokeo rasmi ya chuo yaombe mapema vilevile, kwa kuwa mgomo wa wahadhiri au alama moja iliyopotea kwenye mfumo inaweza kukuchelewesha muhula mzima. Cheti cha mwenendo mwema huombwa kupitia eCitizen, na alama za vidole huchukuliwa Huduma Centre, Meru au Embu mjini.

Chevening hufungua milango Agosti na kuifunga mwanzoni mwa Oktoba. Nyingi za kozi za Ujerumani na Ulaya hufunga kati ya Agosti na Januari. Ukihesabu kurudi nyuma, kazi ya karatasi inapaswa kuanza Machi. Na usitume siku ya mwisho kutoka saiba ya mjini stima ikiwa inapotea na kurudi.

Bajeti ya anayeijua njia

Anayeomba fedha za utafiti hupimwa pia kwa bajeti, na bajeti husema ukweli ambao insha inaweza kuuficha. "Usafiri: shilingi 100,000" ni mstari wa mtu ambaye hajawahi kwenda. Anayeijua njia ataandika matatu ya Embu hadi Siakago, bodaboda za kufika vijijini kwa siku kumi na nane, posho ya wasaidizi wawili, chakula chao, na nakala za hojaji. Ataweka fungu la tafsiri, maana mtu wa Imenti akiingia Tharaka au Igembe na hojaji yake atahitaji mwenyeji, na Kiembu cha mjini hakimtoshi mtu kuhoji wazee wa Mbeere kwa undani.

Ratiba nayo ifuate mvua. Ukipanga kuhoji wakulima Aprili, katikati ya mvua ndefu, utawakuta shambani na barabara imekuwa tope. Mvua fupi ni Oktoba hadi Desemba. Msomaji wa pendekezo aliyewahi kufanya kazi Afrika Mashariki ataitazama ratiba hiyo kabla ya kitu kingine.

Kisha kuna vibali. Huanza na kamati ya maadili ya utafiti, kisha leseni ya NACOSTI, chombo kilichoundwa na sheria ya 2013, kisha kujitambulisha kwa maafisa wa kaunti. Ukiingia Mbuga ya Meru utahitaji idhini ya KWS. Ukichukua mbegu, majani au vijidudu na kuvipeleka maabara ya nje, unaingia chini ya Itifaki ya Nagoya kuhusu rasilimali za kijenetiki, iliyoanza kutumika 2014, na mamlaka ya mazingira, NEMA, itahusika. Ukikusanya majina na simu za watu, sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inakuhusu. Weka miezi ya vibali hivi katika ratiba na ada zake katika bajeti. Mfadhili anajua kwamba vipo, na anataka kuona kama wewe pia unajua.

Pesa nusu na pesa hewa

Mwaka 2021 kaunti ya Uasin Gishu ilitangaza mpango wa kupeleka wanafunzi vyuo vya Finland. Wazazi waliuza mashamba na mifugo, wakalipa mamia ya maelfu ya shilingi. Kufikia 2023 walikuwa wakiandamana Eldoret kudai fedha zao, na suala likaishia mahakamani. Mpango ule ulikuwa na nembo ya serikali na ulitangazwa hadharani. Kwa hiyo muhuri hautoshi. Uliza nani analipa karo, nani analipa chumba, kwa miaka mingapi, na barua ya chuo chenyewe iko wapi.

Mfadhili wa kweli hatozi ada ya "kushughulikia faili," wala hahitaji wakala wa Makutano akutumie ujumbe wa WhatsApp. Gharama halali zipo: mtihani wa Kiingereza, pasipoti, kipimo cha kifua kikuu kwa viza ya Uingereza, na ada ya maombi ya baadhi ya vyuo. Zinalipwa kwa taasisi husika moja kwa moja.

Hatari ya pili haina hila ndani yake. Chuo kinatangaza kwamba kimekupa ufadhili wa asilimia hamsini, kijiji kinashangilia, na harambee inaitishwa. Nusu iliyobaki, pamoja na chumba na chakula, inaweza kuzidi thamani ya shamba la familia. Ujerumani, ambako vyuo vingi vya umma havitozi karo, humtaka mwanafunzi asiye na mfadhili aweke euro 11,904 kwenye akaunti maalumu kwa mwaka mmoja, kiwango kilichoanza Septemba 2024. Piga hesabu ya miaka yote kabla shamba halijauzwa.

Kusema "mimi"

Ukiitwa kwenye mahojiano, utakutana na kikwazo ambacho malezi yetu mema yameweka. Tumefundishwa kwamba kijana hajisifu mbele ya wakubwa, na kwamba kazi ya kikundi ni ya kikundi. Kwa hiyo mwombaji aliyeanzisha kitalu cha miche elfu mbili anasema, "Tulijaribu kidogo na wenzangu." Jopo linaandika kwamba hajafanya jambo la maana.

Eleza kazi yako bila kuipamba. Tulikuwa sita, mimi nilitafuta mbegu na kuandika hesabu, miche elfu mbili iliota, mia nane ikafa kwa kukosa maji, tukahamisha kitalu karibu na mto. Hakuna majivuno hapo, na jopo limejua kila linalotaka kujua: ulifanya nini, nini kiliharibika, ukaamua nini. Wakikuuliza jambo usilolijua, sema hulijui na ueleze ungelitafuta vipi. Wakikuuliza kwa nini urudi Kenya, usitoe hotuba ya uzalendo. Taja watu utakaofanya kazi nao, na kazi yenyewe.

Barua ya kukataliwa

Wengi wa wanaosoma sura hii watakataliwa mara ya kwanza, pamoja na waliofuata kila ushauri uliomo. Nafasi ni chache na waombaji ni wengi. Mfadhili akitoa maoni, yasome baada ya siku mbili tatu, hasira ikiwa imepoa. Asipotoa, mpe ombi lako mtu aliyewahi kufanikiwa, na mwingine asiyejua fani yako kabisa, umwulize kila mmoja ameelewa utafanya nini. Majibu yao yakitofautiana, umepata kasoro ya kuanzia.

Hapo ndipo utaona faida ya kuandika juu ya kazi. Aliyeandika juu ya shida zake, akikataliwa, anabaki na shida zilezile na maumivu ya kuzisimulia kwa wageni. Aliyeandika juu ya kaya za Siakago na bei ya muguka ana pendekezo mkononi. Anaweza kulipunguza na kulipeleka kwa mfuko wa taifa wa utafiti, akalionyesha KALRO Embu wanapotafuta msaidizi wa mradi, au akaanza sehemu yake ndogo kwa pesa zake na daftari, Jumamosi moja moja. Mwaka unaofuata atarudi kwenye fomu ileile akiwa na matokeo ya awali, ambayo hakuwa nayo alipoomba mara ya kwanza.